Trei ya vikasha vya kupangia vitu vidogo: jinsi ya kuibuni, kuijaribu na kuiunda Busia na Tororo

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza trei yenye vikasha vinavyohamishika, ya kupangia vitu vidogo juu ya meza ya kazi: skrubu za simu, laini, vifungo, sarafu, pini, kalamu. Yameandikwa kwa wakimbizi na wenyeji wanaofanya au wanaotafuta kazi ya mikono upande huu wa mpaka, yaani Busia zote mbili, Malaba na Tororo. Huhitaji umeme wala mashine. Unahitaji rula, kisu kikali, msumeno wa meno madogo, msasa, gundi na subira. Mwishoni kuna maelezo kuhusu kuvusha bidhaa mpakani. Kama wewe ni mkimbizi, soma sehemu hiyo kabla ya kubeba chochote kwenda upande wa pili.

Nani ataihitaji?

Angalia meza za kando ya barabara karibu na lango la mpaka. Wakala wa pesa kwa simu anapokea sarafu za nchi mbili siku nzima. Sarafu ya shilingi 10 ya Kenya ina thamani kubwa kuliko ya shilingi 100 ya Uganda, na jioni, mwanga ukiwa hafifu na foleni ikiwa ndefu, zikiwa zimechanganyika kwenye kopo moja, atakayelipia kosa ni yeye. Mshonaji ana vifungo, bobini na sindano za cherehani. Mwalimu ana chaki, pini na kalamu nyekundu.

Mwenye hitaji kubwa zaidi ni fundi simu. Laini ndogo ya siku hizi ina upana wa milimita 8.8 na urefu wa milimita 12.3 tu, ikianguka kwenye sakafu ya udongo imepotea. Skrubu zake ni ndogo zaidi, na si zote ni sawa: simu moja inaweza kuwa na skrubu za urefu tofauti, na ukiingiza ile ndefu kwenye tundu la fupi unaweza kutoboa au kukwaruza bodi, simu isiwake tena. Kwa mteja aliye mkimbizi simu hiyo ndiyo benki yake na ndiyo njia ya kupokea ujumbe kuhusu msaada. Pengine ndimo zilimobaki picha pekee za watu wake. Kwa hiyo vikasha sita vya kutenganisha skrubu si pambo la meza.

Trei za plastiki zenye vyumba zinauzwa madukani, ila vyumba vyake haviwezi kubadilishwa. Ukinunua ya fundi simu, haimfai mshonaji. Trei tunayoieleza hapa ina sakafu moja na vikasha vilivyo huru. Unavipanga upya kazi inapobadilika, na kikivunjika kimoja unaunda kimoja.

Kipimo kimoja kwa vyote

Siri ya vikasha vinavyohamishika ni kwamba vyote vizaliwe na kipimo kimoja. Mfano mzuri upo barabarani. Malori yanayopanga foleni Malaba hubeba kontena za futi 20 na za futi 40, na kontena mbili za futi 20 hukaa mahali pa moja ya futi 40. Lakini ukizipima kwa milimita utaona ujanja. Kontena inayoitwa ya futi 20 ina urefu wa mita 6.058, na ya futi 40 ina mita 12.192. Mbili ndogo zikipangwa zinafika mita 12.116, kwa hiyo inabaki nafasi ya milimita 76. Nafasi hiyo iliachwa makusudi, la sivyo zingegongana na kukwama. Vikasha vyako navyo lazima viachiwe nafasi.

Kuna watu wengine waliofikiri hivi hivi kwa meza zao. Mwaka 2022 Mmarekani Zack Freedman alitoa bure mfumo unaoitwa Gridfinity, ambao vikasha vyake hukaa kwenye viwanja vya milimita 42 kwa 42 na huundwa kwa mashine ya kuchapa vitu vya plastiki. Ukipata nafasi ya kutumia mashine ya aina hiyo, michoro yake iko wazi kwenye intaneti. Kwetu hapa, kwa mbao na msumeno wa mkono, milimita 42 ni kidogo mno: ukitoa unene wa mbao, vidole vinakosa pa kuingia.

Sisi tutatumia milimita 70. Sababu ni karatasi ya A4, inayopatikana katika kila duka la kutoa fotokopi. Upana wake ni milimita 210, ambazo ni 70 mara tatu kamili. Urefu wake ni milimita 297. Ukipima 70 mara nne unapata 280, na ule ukanda wa milimita 17 unaobaki unaukata. Kunja, chora mistari, na sasa una ramani ya viwanja 12, vinne kwa vitatu. Hata rula yako ikiwa imelika mwanzoni, karatasi haidanganyi. Katika makala haya kila kiwanja tutakiita chumba.

Kipimo cha chumba ni 70, lakini kikasha kinachokaa ndani yake kina 68 kwa nje. Kikasha cha vyumba viwili kina 138, cha vyumba vitatu 208. Kanuni ni moja: zidisha 70 kwa idadi ya vyumba, kisha toa 2. Vikasha vitatu vya 68 vikikaa mstari mmoja ndani ya 210 vinaacha milimita 6. Kimoja cha 68 na kimoja cha 138 vinaacha 4. Kimoja cha 208 kinaacha 2. Vyovyote utakavyovipanga, vinaingia na kutoka bila kulazimishwa.

Kabla hujakubali namba hizi, pima vitu vyako mwenyewe. Kadi ya benki au kitambulisho cha ukubwa huo ni milimita 85.6 kwa 54. Kalamu ya kawaida ya plastiki pamoja na kifuniko chake ni karibu sentimita 15. Betri ndogo ya tochi, ile ya AA, ni milimita 50.5 kwa 14.5. Mbao ikiwa na unene wa milimita 4, kikasha cha chumba kimoja kina nafasi ya ndani ya 60 kwa 60: betri inalala, kadi inasimama kwa mgongo wake mfupi. Kalamu italala kwenye kikasha cha vyumba vitatu, ambacho ndani kina 200. Kama kazi yako ina kitu kirefu kuliko hicho, kwa mfano mkasi mkubwa wa cherehani, usibadilishe mfumo mzima kwa ajili yake. Mkasi utundike ukutani.

Sampuli ya kwanza iwe ya boksi

Fundi mwenye haraka huanza na mbao. Usifanye hivyo. Boksi la viatu au la biskuti halina bei, na kosa lililofanywa kwenye boksi ni la dakika tano.

Tumia boksi jembamba lisilo na mawimbi ndani. Kwa kikasha cha chumba kimoja, kata mraba wa milimita 136. Pima milimita 35 kutoka kila ukingo na uchore mstari. Katikati utabaki mraba wa 66. Kata na kutupa pembe nne za 35 kwa 35. Pitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino juu ya mistari kwa kukandamiza, ili ikunjike vizuri, kisha inua kuta nne. Unene wa boksi na ukanda wa kuunganishia pembeni utajaza zile milimita mbili, kikasha kitafika karibu 68. Cha vyumba viwili kinatoka kwenye kipande cha 136 kwa 206, cha vitatu 136 kwa 276. Vyote hivyo vinaenea kwenye boksi la kiatu.

Pembe ziunganishe kwa vipande vya karatasi na gundi. Kama gundi ya duka ni ghali, pika ya unga wa muhogo: koroga kijiko kimoja cha unga katika maji baridi vijiko vitano, weka motoni polepole ukikoroga mpaka rangi nyeupe ipotee na uji uwe wa kuona ndani. Inashika karatasi na boksi vizuri sana. Ila mende na panya wanaipenda kuliko wewe, kwa hiyo ni ya sampuli tu, si ya bidhaa ya kuuza.

Sakafu ya trei ya sampuli ni ile karatasi yako ya viwanja 12 iliyobandikwa juu ya boksi gumu, na kuta za chini pembeni.

Sasa itumie. Usiitazame tu na kuisifu. Iweke mezani kwa siku saba za kazi na uandike kila jioni mambo matatu: kipi kilijaa mpaka kikamwagika, kipi hakikuguswa, na vitu gani vilikutwa katika kikasha kisicho chao. Hilo la tatu ndilo lenye maana kubwa. Kama kila jioni unakuta pini kwenye sarafu, mkono wako unakuambia kwamba kikasha cha pini kiko mbali mno au kiko upande usio sahihi. Sogeza kikasha, usijilaumu. Anayetumia mkono wa kushoto ataipanga kinyume na wewe, na mfumo unamruhusu.

Ukitaka kuuza, mpe mtu mwingine sampuli hiyo ya boksi, na asiwe rafiki yako wa karibu. Rafiki atasema ni nzuri. Mpe fundi simu mmoja, wakala mmoja na mshonaji mmoja, waache nayo kwa siku kadhaa, kisha rudi uone kama bado iko mezani au imehifadhiwa chini ya kiti. Ikiwa chini ya kiti, usinunue mbao. Uliza kwanza.

Kuna jaribio moja zaidi ambalo mji huu unastahili kulipa jina. Inasimuliwa kwamba neno bodaboda lilizaliwa hapa Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwabeba watu kati ya vituo vya mpaka. Funga sampuli yako, iweke kwenye kiti cha bodaboda, izungushe kwenye barabara yenye mashimo, kisha ifungue. Skrubu zilizohamia kwa majirani zitakuonyesha kama kuta ni fupi au kama trei inahitaji kifuniko.

Kuunda kwa mbao

Plaiwudi nyembamba ndiyo rahisi zaidi. Karatasi nzima ya plaiwudi ni futi nne kwa nane, yaani mita 1.22 kwa 2.44, lakini kwa seti ya kwanza usinunue nzima. Maseremala wanaounda makabati na dari hubaki na vipande vya upana wa shubiri moja au mbili ambavyo huishia motoni. Waombe au uwanunulie kwa bei ya kuni. Chagua vilivyonyooka, kipande kilichojikunja hakitanyooka kwa gundi.

Pima unene halisi. Plaiwudi inayouzwa kwa jina la milimita 4 inaweza kuwa na 3 na kitu. Panga vipande kumi pamoja, pima jumla yake, gawa kwa kumi. Unene huo ndio unaoamua urefu wa kuta fupi, kwa hiyo usiukisie.

Hesabu yake kwa unene wa milimita 4 ni hii. Kikasha cha chumba kimoja kina sakafu ya 68 kwa 68. Kuta mbili zina urefu wa 68, na mbili zinazoingia katikati yake zina 60, kwa sababu 68 ukitoa unene wa kuta mbili inabaki 60. Kimo cha kila ukuta ni 31. Zikisimama juu ya sakafu ya 4 unapata jumla ya 35. Kikasha cha vyumba viwili kina sakafu ya 68 kwa 138, kuta ndefu 138 na fupi 60. Cha vyumba vitatu, badilisha 138 iwe 208. Kile cha mraba cha vyumba vinne kina sakafu ya 138 kwa 138, kuta mbili za 138 na mbili za 130. Kama mbao yako ina unene wa 3, kuta fupi zitakuwa 62 na 132, na kimo 32.

Trei yenyewe ina nafasi ya ndani ya 280 kwa 210. Sakafu yake ni 288 kwa 218, kuta mbili za 288 na mbili za 210, kimo 20. Kuta za trei ziwe fupi kuliko vikasha, ili vidole vipate pa kushika unapoinua kikasha.

Usikate kuta moja moja. Pasua kwanza ukanda mrefu wa upana wa milimita 31, usuguwe kingo zake zinyooke, ndipo uukate vipande. Hivyo kuta zote zitakuwa na kimo kimoja hata kama msumeno uliyumba kidogo, kwa kuwa ziliyumba pamoja. Kwa urefu, jitengenezee kizuizi: pigilia kibao kidogo kwenye benchi, mwisho wa ukanda uguse hapo, na mahali pa kukatia pawekwe alama ya kudumu. Ukikata vipande 40 kwa kizuizi, vyote ni sawa. Ukivipima kimoja kimoja kwa rula na penseli, hakuna viwili vitakavyolingana. Na kumbuka msumeno wenyewe unakula karibu milimita moja kila unapopita. Kata upande wa nje wa mstari.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha, misumari si lazima. Paka nyembamba, bana kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli ukivizungusha mara mbili, futa gundi iliyochuruzika kwa kitambaa chenye maji, na uache mpaka kesho yake. Hakikisha pembe ni za mraba kwa kuingiza kona ya daftari jipya. Kikasha kilichopinda kwa milimita tatu hakitaingia kwenye trei, na hapo ile nafasi tuliyoiacha haitakuokoa. Ukitumia bati la debe badala ya mbao, kunja kingo zote ndani; bati lililokatwa ni wembe.

Kwa skrubu ndogo, kipande cha boksi laini kilichopindwa kama mfereji na kuwekwa ndani ya kikasha kinasaidia kuliko chochote: unasukuma skrubu kwa kidole na inapanda ukingoni yenyewe. Kikasha chenye sakafu tambarare na pembe za mraba kinakufanya uchimbe kwa kucha.

Vikasha vya kuchanganya

Vyumba 12 vinaweza kupangwa kwa njia nyingi. Kwa wakala: kikasha kimoja cha vyumba vitatu kwa kalamu, kimoja cha mraba cha vyumba vinne kwa muhuri na risiti, viwili vya vyumba viwili kwa sarafu za Kenya na za Uganda, na kimoja cha chumba kimoja kwa pini na mpira wa kufungia noti. Ukijumlisha unapata 12, na vinaenea: kile kirefu kinasimama pembeni, cha mraba kinakaa kwenye kona, cha sarafu kimoja kinasimama kando yake na kingine kinalala chini pamoja na kile kidogo. Paka vikasha vya sarafu rangi mbili tofauti. Noti zisikae kwenye trei kabisa. Trei iko mezani, na meza iko barabarani.

Kwa fundi simu: kirefu kimoja kwa bisibisi na kibano, kimoja cha vyumba viwili kwa laini na kadi za kumbukumbu, na saba vya chumba kimoja. Vipe namba 1 hadi 7 na uzifuate kwa utaratibu wa kufungua simu. Unapofunga, unarudi kutoka 7 kwenda 1.

Jambo moja ambalo halina mjadala: betri bapa za mviringo, zile za saa na rimoti, zisikae kwenye kikasha kilicho wazi. Mtoto akiimeza moja na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata kama ni betri iliyoisha. Wengi wetu tunafanya kazi na kulala na watoto katika chumba hicho hicho. Betri hizo, pamoja na sindano, ziwe kwenye chombo chenye kifuniko cha kuzungusha, mahali pa juu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza, mkimbize hospitali mara moja, usimtapishe.

Bei

Seti ya wakala tuliyoieleza, pamoja na trei yake, inatumia takriban robo ya mita ya mraba ya plaiwudi ukihesabu na ile inayopotea kwa kukata. Plaiwudi nzima ina karibu mita tatu za mraba. Kwa makaratasi inatoka seti 11 au 12, lakini hesabu 10, kwa sababu utaharibu. Kwa hiyo gawa bei ya plaiwudi kwa 10, ongeza gundi, msasa, rangi na nauli ya kuleta mbao, kisha weka saa zako. Watu wengi wanasahau saa. Jiulize ungelipwa kiasi gani kwa kibarua cha siku mahali ulipo, gawa kwa saa za siku hiyo, zidisha kwa saa ulizotumia kwenye seti moja. Seti ya kwanza itakula siku nzima au zaidi. Ya kumi, ukiwa na vizuizi vyako, itakuwa na kasi nyingine. Bei uiweke kwa kasi ya ile ya kumi.

Kama bei inazidi ile ya trei ya plastiki dukani, usishindane nayo. Uza trei na vikasha viwili, mteja aongeze kimoja kimoja kadiri anavyopata. Hapo ndipo mfumo huu unaishinda plastiki, na mteja anarudi. Bei itaje kwa shilingi za upande unaouza, na uiangalie upya kila kiwango cha kubadilisha fedha kinapohama, maana ukinunua mbao Uganda na kuuza Kenya faida yote inaweza kubaki kwa wabadilishaji.

Kuuza na kuvusha mpaka

Kwa kuuza mahali pamoja kila siku, uliza kuhusu leseni ya biashara: upande wa Kenya inatolewa na serikali ya kaunti, upande wa Uganda na manispaa au halmashauri ya mji. Fundi anayeuza kwa oda kutoka nyumbani pia ni vizuri aulize kabla hajaulizwa.

Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Huko, na Malaba pia, maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi pamoja, kwa hiyo unakaguliwa upande mmoja tu, ule unaoingia. Wafanyabiashara wadogo wana utaratibu wao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa umetengenezwa ndani ya Jumuiya na ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zinazokubalika, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki. Uliza kwenye dawati la forodha kama bidhaa za mbao za aina yako zimo kwenye orodha, na beba risiti za mbao ulizonunua.

Ukielekea Kenya, usifunge vikasha kwa mifuko ya plastiki ya kubebea. Imepigwa marufuku huko tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kaveera unayopewa bure sokoni Uganda inaweza kukugharimu zaidi ya mzigo wote. Funga kwa karatasi, boksi au gunia.

Ikiwa wewe ni mkimbizi, kuna tofauti kubwa kati ya mzigo kuruhusiwa kuvuka na wewe mwenyewe kuruhusiwa kuvuka. Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inakupa haki ya kutembea na kufanya kazi ndani ya nchi, hivyo aliyesajiliwa Kiryandongo au Nakivale anaweza kuja Tororo kununua na kuuza. Lakini kitambulisho cha mkimbizi si hati ya kuvukia mpaka. Hati inayotambulika ni ile ya kusafiria ya Mkataba wa 1951, na Uganda unaanza kuiomba kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Upande wa Kenya, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilianza kutumika Februari 2022. Ukiwa umesajiliwa Kakuma au Dadaab, uliza Idara ya Huduma za Wakimbizi kuhusu kibali kabla ya kutoka kambini, hata kama huendi nje ya nchi. Usitumie pasipoti ya nchi uliyoikimbia kwa ajili ya safari ya biashara bila kupata ushauri wa kisheria, kwa sababu inaweza kuchukuliwa kwamba umerudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo na hadhi yako ikatiliwa shaka.

Njia za panya zipo, kila mtu wa Busia anazijua. Mwenyeji akikamatwa huko anaweza kupoteza mzigo. Mkimbizi anaweza kufungwa. Njia iliyo rahisi zaidi ni kumuuzia mfanyabiashara mwenyeji upande wako wa mpaka, naye avushe kwa cheti chake. Faida inapungua kidogo, na mpaka unabaki kuwa shughuli yake.

Mpaka huu umewaona watu wakija bila zana. Mwanzoni mwa 2008 Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walivuka Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda wilayani Tororo, kisha mwaka huo huo wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Fundi anayehama huacha benchi, na mbao zinapatikana kokote. Kwa hiyo hifadhi vipimo vyako: karatasi ya A4 yenye viwanja 12, kipande kimoja cha kila ukuta kilichoandikwa namba yake, na daftari la siku saba za majaribio. Vyote vinaenea ndani ya trei moja, juu yake ukifunika kwa trei nyingine na kufunga kwa mpira wa tyubu.